Koti la mahameli na hereni kubwa: nipunguze nini?

Wapendwa, naomba ushauri. Jumapili nilidamka kwenda soko la Kibuye, hapa Kisumu, nikakuta belo la mitumba ndiyo linafunguliwa. Nikachomoa koti la mahameli, zambarau iliyoiva, mabega mapana ya sponji kama ya miaka ya 1980, vifungo vya shaba na kimoja hakipo. Shilingi 350. Sikubishana sana bei, maana dada aliyekuwa nyuma yangu alishalishika mkono.

Sasa nataka kulivaa harusini kwa binamu yangu, na hereni za pembe ya ng'ombe zinazogusa shingo, mkufu wa shanga nene na kilemba cha kitenge. Mama amenitazama akauliza, "Unaenda harusini au unaenda kufungua duka?" Nilicheka, lakini imeniingia.

Nitoe mkufu au hereni? Fundi anataka kuyang'oa yale mabega. Mimi naona ndiyo roho ya koti. Na harufu ya mitumba inatokaje kwenye mahameli? Nimelianika kivulini siku mbili, bado ipo. Kuliloweka naogopa. Kifungo cha kufanana nimekikosa, nafikiria kuweka vyote tofauti tofauti. Harusi ni Jumamosi hii.