Ukungu mabwawa ya Walthamstow asubuhi: kuna ndege wa kuona au nikalale tu?

dada_wa_zamu

Wakuu habari zenu. Mimi nipo London upande wa Tottenham, kazi yangu kulea wazee, zamu za usiku, natoka saa mbili asubuhi. Kuna mzee mmoja pale anapenda ndege balaa, kiti chake dirishani na binokula haimtoki shingoni, yeye ndo kaniambukiza huu ugonjwa, sasa nikitoka kazini badala ya kwenda kulala najikuta nakata kona naenda Walthamstow Wetlands kwenye yale mabwawa ya maji ya kunywa.

Shida yangu ni ukungu. Tangu Oktoba imeingia zile asubuhi ninazopata nafasi ndo hizo hizo maji yamefunikwa, unapanda tuta la Lockwood unafika juu hujui bwawa limeanzia wapi limeishia wapi, unasikia tu huko katikati ndege wanapiga miluzi na kupigana na kuzama na wewe umesimama hapo na binokula imejaa mvuke. Na kila ninayemuuliza ananiambia huu msimu wa majani kupukutika ndo wenyewe, bata wanashuka kutoka kaskazini, wapita njia (ndege walio safarini) wanapita, usikose. Sasa nisikose nini mbona sioni kitu??

Naomba wenye uzoefu mnisaidie, nikiona ukungu nigeuze nikalale au kuna namna yake? Na hii binokula nifanyeje, ni 10x25 ile ndogo ya kukunja, nilinunua duka la mitumba. Jibuni kwa Kiswahili jamani, Kiingereza cha kazini kinanitosha.

Saidi_Magharibi

Pole na zamu dada. Jibu langu fupi, kalale.

Mimi nipo karibu na Staines, pale kuna mabwawa mawili na njia ya miguu inakatiza katikati yake, moja kaskazini moja kusini, siku ya jua pale ni patamu, wale kibisi wenye shingo nyeusi wanakuja kila mwaka mwisho wa kiangazi mpaka vuli na watu wanatoka mbali kuja kuwaona. Siku ya ukungu unatembea ile njia mwanzo mwisho kulia weupe kushoto weupe, unachosikia ni madege ya Heathrow yanashuka. Nimeshaacha. Nasubiri siku ina kaupepo, ukungu hauwezani na upepo.

kozi_wa_Leicester

Saidi namheshimu lakini hapo anaongelea Staines, maji mapana halafu kuta za zege, hata siku nzuri ndege wako mbali unahitaji teleskopu. Walthamstow sio hivyo. Pale mabwawa ni 10, mengi sio makubwa, kuna visiwa vya miti na njia inapita kando kando ya maji. Kwahiyo kosa sio ukungu, kosa ni Lockwood. Lile ndo bwawa baya kuliko yote siku ya ukungu, kubwa, tuta refu, ndege wako katikati. Vuka Forest Road nenda upande wa kusini kwenye yale yenye namba, Namba 1, 2, 3, hayo ni membamba, bata hana pa kukukimbilia, ukungu ukikuachia hata mita hamsini tu tayari unaona ndege. Tena siku hizo wanakaa karibu na ukingo kwa sababu hawakuoni vizuri kama wewe usivyowaona, ukitembea taratibu bila koti lenye kelele unashtukia koikoi huyo hapo amesimama.

Halafu badilisha unachotafuta. Kwenye ukungu rangi hakuna, sahau rangi, na ukubwa unadanganya sana, ndege anaonekana mkubwa kuliko alivyo kwa sababu huna kitu cha kumpimia na akili inadhani yuko mbali. Nimeshaona watu wazima wanamgombania kukuziwa wa kawaida kabisa wanamfanya mgeni kutoka Siberia. Angalia umbo na tabia. Mnandi anakaa chini sana majini, mgongo karibu unazama, mdomo ameuelekeza juu. Kibisi mkubwa shingo ndefu nyembamba, anazama bila kurusha maji anaibukia kwingine kabisa. Yule bata mdogo wa mviringo anayezama na kuibuka pale pale ni bata kishungi, hao hapo wamejaa. Na ukiona kundi la bata wanazunguka duara duara vichwa vimeinama majini, hao ni wale domo la kijiko, shoveler, wanakoroga maji chakula kije juu, hiyo tabia haina mwingine na unaitambua hata kama wewe unaona vivuli tu. Hao wengi wametoka Urusi na Skandinavia, na wenzao hao hao wanafika mpaka Naivasha na Nakuru kwa hiyo ukienda nyumbani Januari unaweza kuwakuta.

Binokula: 10x25 sio ya hali hii. Kioo cha mbele kidogo, mwanga unaoingia haba, na ukikuza mara 10 unakuza na ukungu wenyewe. Tafuta 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42), hata ya mitumba ilimradi vioo havina kuvu ndani. Mvuke wa nje unatokana na hewa ya joto yenye unyevu kugusa kioo cha baridi, yaani kuirudisha ndani ya koti kwenye joto la mwili ikiwa imeshapoa, au kuipumulia. Iache nje ining'inie kifuani tangu unatoka mlangoni, na usiifute kwa mkono wa sweta. Kama mvuke upo NDANI ya vioo hiyo imeshaingia maji, zile nzuri zinajazwa naitrojeni na kuzibwa ndo maana hazifanyi hivyo.

jaluo_mpole

maze mimi nimekuja hapa nikidhani ni mambo ya samaki, nimesoma yote

mtaita_asili

Niko Voi, huku ukungu ndio unatuletea ndege kwa hivyo wacha niongee kidogo.

Pale Tsavo West kuna Ngulia Lodge, iko juu kabisa kwenye ukingo wa mlima. Novemba na Desemba usiku kukiwa na ukungu na mwezi hakuna, ndege wanaotoka Ulaya na Asia wakielekea kusini wanapita hapo juu kwa maelfu, sasa lodge ilikuwa na taa kali za kumulikia wanyama wageni waone chui, wale ndege wakiingia kwenye ukungu wakaona ule mwanga wanavurugika wanashuka wote pale. Tangu 1969 kuna kikundi kinakuja kila mwaka kinatega nyavu, wanawavisha pete mguuni wanawaachilia, kazi usiku kucha mpaka asubuhi. Pete za Ngulia zimepatikana mpaka Uarabuni na Urusi. Nimewahi kufika nikasaidia kubeba mifuko, nakwambia asubuhi vichaka vyote vinatingishika, ndege wadogo wadogo rangi ya matope, mimi naona wote sawa, wale wazee wanashika mmoja wanapima bawa wanasema huyu marsh warbler huyu sijui nani.

Na huyo marsh warbler ana kisa. Akiwa huku Afrika anaokota milio ya ndege wetu, akirudi Ulaya akimwimbia mke anaimba ya huku. Kwa hivyo mzungu anasimama kwake Ubelgiji anasikia ndege wa Kenya kichakani na hajui.

Sasa swali langu kwa kozi, mbona huko hamuendi kwenye ukungu kutafuta hao walioshushwa? Huku siku ukungu unakosa ndio watu wanakasirika, mwezi ukiwaka na anga safi hao ndege wanapita juu moja kwa moja hadi wanakoenda, unaamka nyavu ziko tupu.

kozi_wa_Leicester

@mtaita_asili hapo umegusa penyewe. Kuna ukungu wa aina mbili na watu wanachanganya.

Wa kwanza ndo huu wa dada, usiku anga safi, hakuna upepo, ardhi inapoa sana, maji ya bwawa bado yana joto la kiangazi yanatoa mvuke kwenye ile hewa ya baridi. Huo ni wa chini tu, ukipanda ghorofani unakuta nyota. Ndege anayesafiri usiku anapita juu yake hana habari nao, tena usiku wa hivyo ndo anaupenda. Kwahiyo huo haushushi mtu, ila haumzuii bata aliyelala bwawani, hao wapo tu wanasubiri kama wewe.

Wa pili ni wa mawingu yaliyoshuka pamoja na manyunyu, upepo wa mashariki mwembamba unatoka bahari ya kaskazini, anga yote imefungwa mpaka juu. Huo ndo ndugu wa Ngulia. Msafiri alianza safari Uholanzi au Skandinavia anga safi akakutana nao njiani, haoni nyota haoni ardhi, akiona maji anashuka. Siku hizo ndo unakuta kwenye bwawa la mjini membe wa baharini, au kitwitwi kwenye zege ambaye jana hakuwepo na mchana hayupo. Siku hiyo dada hata kama umechoka nenda, na hapo Lockwood nakurudishia, maana wapita njia wanapenda maji makubwa.

Ya Ngulia inahitaji na taa pia. London nzima ni taa kwahiyo hakuna sehemu moja ya kuwakusanya, wanasambaa tu mjini wengine wanagonga vioo vya maghorofa.

dada_wa_zamu

Jamani asanteni, nimesoma nikiwa break nimesahau hata chai. @mtaita_asili hiyo ya ndege kuimba ya nyumbani akiwa Ulaya nitamwambia mzee wangu kesho, atafurahi huyo.

Maswali mawili. Geti la pale halifunguliwi mapema, mimi natoka saa mbili nakaa nje nasubiri, naona kama ukungu mzuri unanipita. Na hii app ya Merlin ya kusikiliza milio, kuna mtu anaitumia? Jana imeniambia kuna ndege wa kuwinda wa wapi sijui, nikaangalia juu ya nguzo ni kwenzi, hawa weusi wenye madoa.

kozi_wa_Leicester

Geti kuchelewa ni bahati yako. Ukungu mzito ule wa alfajiri huoni kitu hata karibu. Saa nzuri ni pale unapoanza kuachia, Oktoba mara nyingi kati ya saa tatu na saa tano jua likishapata nguvu, unafunguka vipande vipande, dakika tano unaona kisiwa kizima koikoi wamejipanga, mara umefungika tena. Usitembee muda huo, chagua sehemu moja simama. Kadri unavyokwenda Desemba jua linakuwa dhaifu, siku zingine hauondoki kabisa, hapo ndo umsikilize Saidi.

Wakati unasubiri geti pita Walthamstow Marshes, ziko jirani tu, hazina geti wala kiingilio (na mabwawani kwenyewe ni bure pia). Ni matete na vichaka, pa kusikiliza. Ukisikia mlipuko wa sauti kali ghafla karibu na maji halafu kimya, huyo ni Cetti, kandege kadogo ka kahawia ambako hata siku ya jua hukaoni, kwahiyo ukungu haujakupunguzia kitu. Na kwa sababu wewe uko macho usiku, ukiwa kituo cha basi au umetoka kupumua nje ya kazi, sikiliza juu. Ukisikia "siiii" nyembamba inashuka kutoka gizani, baada ya muda nyingine, hao ni redwing, wenye ubavu mwekundu, wanaingia kutoka Skandinavia na Iceland Oktoba na Novemba. Sisi tunaolala tunawakosa.

Merlin ni nzuri kukupa wazo ila usiiandikie kitu hujakiona au kukisikia mwenyewe vizuri. Na kwenzi ndo mwizi mkubwa wa milio, anaiga ndege wengine, anaiga mpaka alamu za magari, app inaingia mkenge kila siku.

Saidi_Magharibi

Haya nimekubali nusu. Ila mkuu umesahau la muhimu, hayo ni mabwawa ya maji ya mji sio ziwa la kuogelea, maji ni baridi na yana kina, na zile kingo za zege zikilowa umande zinateleza vibaya. Dada kaa kwenye njia, usishuke ukingoni kumfuata ndege eti unamwona nusu. Umetoka zamu ya masaa kumi na mbili macho yenyewe yanafumba. Na vaa soksi mbili.

Alafu hiyo ya manyunyu na upepo wa mashariki ni kweli aisee, sasa nakumbuka wale membe weusi tuliowapata Staines siku ilikuwa mbaya kama hiyo, tulikuwa watatu tu. Nikiona utabiri umekaa hivyo nitaandika hapa, anayetaka aje, treni inafika mpaka Ashford unatembea au unapanda basi.

mtaita_asili

Na sisi tukitaka kuja? 😂 Mwezi mpya wa Novemba niko Ngulia tena, nikiona pete ya London nitawaambia.

jaluo_mpole

sasa hizo bata mnakula ama mnaangalia tu

dada_wa_zamu

@jaluo_mpole tunaangalia tu bro, huku ukimshika unashikwa wewe.

Kozi nimeagiza 8x42 ya mitumba, muuzaji kaniambia vioo safi, nitaimulika na tochi kabla sijalipa. Jumamosi sina zamu, utabiri unasema usiku anga safi hakuna upepo, basi ni Namba 1 mpaka 3, Lockwood naipita mbali.