Naomba ushauri: nataka kuweka michoro ya ujenzi mtandaoni ikaguliwe na wenzangu, nianzie wapi?

MchoraMistari
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hili jambo linaninyima usingizi.

Nina michoro ya nyumba ya ghorofa moja na ningependa wataalamu wengine waipitie. Nimeona watu wakiweka kazi zao mtandaoni na wakapata maoni ya maana kabisa, tena bure. Sasa sijui utaratibu. Niweke PDF au DWG? Nifute vitu gani kwanza? Na mtu akiichukua akajengea kwake, nitafanyaje?

Kuna sehemu moja ya roshani ningependa iangaliwe zaidi, ila hiyo si haraka, tuanze na utaratibu kwanza. Nawasilisha.

SkeliMoja
Weka PDF, mkuu. DWG ni mchoro wenyewe ulio hai. Mtu anaufungua, anabadili kipimo kimoja, anausambaza, na jina lako bado liko pale pale. Kama ulichora kwa modeli ya pande tatu na unataka watu waizungushe, toa IFC, yaani faili la modeli lisilofungwa na programu moja. Hiyo inafunguka kwenye programu nyingi bila kujali wewe ulichorea ipi.

Halafu usiweke seti nzima. Ukitupa kurasa ishirini, kila mtu atakosoa rangi ya mlango. Weka mkato mmoja, yaani mchoro unaoonyesha sehemu ya jengo kama imekatwa wima, na uandike unachouliza: unene wa slabu (sakafu ya zege), urefu wa roshani, zege daraja gani, nondo za ukubwa gani na zimepangwaje, mzigo uliouhesabia, na nyuma ya ile roshani kuna nini. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

KaaChini
Siti ya mbele. Ghorofa moja na usingizi umekata, ukipewa kumi je?

MamaMsingi
Mwanangu, kabla ya PDF na nini sijui, kuna jambo hujalisema. Hiyo michoro ni ya nani?

Mchoro una mwenyewe. Mkataba wa Berne wa 1886 unataja ramani na michoro ya usanifu majengo miongoni mwa kazi zinazolindwa, na nchi nyingi zimeuridhia. Kama umeajiriwa, mara nyingi kazi unayofanya kazini ni mali ya mwajiri. Tena mteja naye ana siri yake. Ramani ya nyumba inaonyesha mlango wa nyuma uko wapi, chumba cha watoto kiko wapi na dirisha lipi halina nondo. Kitu hicho hakiwekwi hadharani kwa sababu tu wewe unataka maoni.

Vijana wa siku hizi mmezoea kila kitu kianikwe.

MchoraMistari
Ahsante mama. Ni yangu, nimeichora mwenyewe mstari kwa mstari. Na nimeshaficha majina yote. Ukurasa mmoja nimeuambatisha hapa, ni mkato wa roshani. Mwenye jicho aangalie tu kama umekaa sawa.

FundiWaZamani
Roshani! Acheni niseme.

Mimi nimefunga nondo miaka mingi, na roshani ndiyo inayonitia hofu kuliko kitu chochote kwenye nyumba. Slabu ya kawaida, iliyokaa juu ya bimu (boriti) huku na huku, inalegea katikati, kwa hiyo chini ndiko inakovutika na chini ndiko nondo zinakokaa. Roshani isiyo na nguzo mbele ni kinyume chake. Inataka kuinamia mbele, na juu ndiko zege linakotaka kupasuka. Nondo za kazi zinakaa JUU.

Sasa mhandisi anaweza kuchora vizuri kabisa, na sisi tukafunga vizuri kabisa, halafu siku ya kumwaga zege vijana wenye mikokoteni wanapita juu ya zile nondo mpaka zinalala chini kabisa. Nilishawahi kusimamisha kazi katikati ya umwagaji kwa ajili hiyo. Mwenye nyumba alinifokea mbele ya watu wote, akasema namchelewesha. Nilimwambia anifukuze, lakini nondo zitainuliwa kwanza. Tukatengeneza viti vya vipande vya nondo, tukaziinua, tukaweka mbao za kupitia, tukaendelea. Yule bwana hakuniita tena kwenye kazi zake. Roshani yake ipo mpaka leo.

Sijafungua hicho kiambatisho, simu yangu haikifungui.

Kipenyo12
Nimekifungua mimi. Roshani mita 1.5, slabu milimita 150. Kwa kanuni ya zamani ya Uingereza, BS 8110, uwiano wa kuanzia kati ya urefu na kina cha nondo kwa kantiliva, yaani slabu iliyoshikwa upande mmoja tu, ni 7. Kwa slabu iliyoegemea ncha mbili ni 20. Hapa kina ni kama 120, uwiano unatoka 12.5, umezidi 7. Unaweza kupita ukishaurekebisha kwa kuangalia mkazo wa nondo, lakini inabidi uhesabu, usikisie. Na kumbuka mzigo uliotandazwa unazaa momenti (nguvu ya kupinda) ya mzigo mara urefu kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mbili. Ukiongeza urefu maradufu, momenti inakuwa mara nne. Mimi ningeanza na unene.

SkeliMoja
Kipenyo12, acha unene kwanza, angalia nondo ziko wapi. Mkato unaonyesha nondo chini tu. Juu hakuna kitu.

Na wewe mleta mada, sikiliza. Ulichofanya ni kubandika kisanduku cheupe juu ya maandishi. Nimepitisha kipanya pale, nikachagua, nikanakili, maandishi yote ya chini yamekuja. Jina la ofisi limekuja. Sitaliandika hapa. Lakini yamekuja pia maneno haya: "IMETOLEWA KWA UJENZI, TOLEO B".

Toa hicho kiambatisho sasa hivi. Ukitaka kuficha kweli, futa hayo maandishi kwenye mchoro wa asili kabla ya kutoa PDF, au geuza ukurasa kuwa picha. Kukata ukingo wa PDF nako hakufuti kitu, kunaficha tu. Leya ulizozima mtu anaweza kuziwasha. Na ndani ya sifa za faili mara nyingi huwa kuna jina la mtumiaji wa kompyuta.

Ukishatoa, utujibu: huu mchoro umeshakwenda saiti?

MchoraMistari
Nimekitoa. Samahani.

Ndiyo, umeshakwenda saiti. Sikutaka kulisema kwa sababu nilijua mtaniambia nini.

Mimi ni mchoraji, bado mgeni ofisini. Mhandisi alinipa kijikaratasi chenye mkato aliouchora kwa mkono, nikauhamishia kwenye kompyuta kama ulivyo. Akagonga mhuri, ukaenda. Baadaye nikiwa napitia mwenyewe nikaona mbona juu hakuna nondo. Sasa hivi wanafunga nondo, zege bado.

Kumuuliza naogopa. Ni mtu mwenye heshima zake na miaka mingi kazini, mimi nimeingia juzi. Ndiyo maana nilitaka kwanza wenzangu wathibitishe. Na nimeshaandaa ukurasa mwingine wenye nondo za juu. Mkisema uko sawa namtumia msimamizi wa saiti, anabadilisha, kazi inaendelea, hakuna aliyeaibika. Sioni ubaya wake. Nondo zikizidi haziwezi kuangusha nyumba.

MamaMsingi
Unaona sasa? Nilijua. Ile "ni yangu" haikunikaa vizuri.

KaaChini
Kiti nimekisogeza mbele zaidi.

Mzani
Wakuu, hii ni chai. Someni tena.

Mwanzo alisema ni michoro yake. Kisha imekuwa ya ofisi. Roshani ilikuwa "si haraka", sasa watu wanafunga nondo. Na ule ukurasa niliupakua kabla hajautoa: umeandikwa skeli 1:50, nikaupima, roshani inatoka milimita 15 kwenye karatasi. Milimita 15 mara 50 ni milimita 750. Kipenyo12 anasema 1500. Mchoro wa kughushi huo. Mimi nasema ni swali la mtihani, mwanafunzi anataka tumfanyie kazi yake ya nyumbani, akaona akilipamba na bosi mkali tutamhurumia.

Kipenyo12
1500 imeandikwa kwa tarakimu pale pale, sikupima. Ila Mzani ana hoja, kweli haviendani.

Bintinondo
Vinaendana. Ukurasa alioutoa ni wa A3, mchoro wa ofisi ulichorwa A1. A1 ni milimita 594 kwa 841, A3 ni 297 kwa 420. Kila upande umepungua nusu, kwa hiyo 1:50 iliyoandikwa imekuwa 1:100. Milimita 15 mara 100 ni 1500. Ndiyo maana mchoro mzuri unawekwa mstari wa skeli uliochorwa, ambao unapungua pamoja na karatasi, na ndiyo maana watu wanaandika "usipime, fuata tarakimu". Hilo kosa huwezi kulighushi kwa makusudi, linatokea lenyewe ofisini kila wiki.

Mzani
Sawa, la skeli nimelikubali. La mwanafunzi bado.

Bintinondo
Na akiwa mwanafunzi? Mwaka 1978, mwanafunzi mmoja alikuwa anaandika kazi ya chuo kuhusu jengo la Citicorp la New York, ghorofa 59, limekamilika mwaka mmoja tu kabla. Akahoji uimara wake. Mhandisi wa jengo, William LeMessurier, alipozipitia hesabu tena akaona viungo vya chuma, vilivyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, vingeweza kuzidiwa na upepo unaopiga kwenye kona. Wakavichomelea mabamba usiku, watu wakiwa wamelala, na umma haukujua mpaka 1995.

Kilichofanya jengo lile litengenezwe ni kwamba swali lilifika kwa mwenye hesabu, naye akazifungua upya. Lingebaki linazunguka kwa wanafunzi wenzake, lisingechomelewa hata bamba moja.

Kwa hiyo MchoraMistari, swali lako ni zuri na umeliona wewe, hongera kwa dhati. Lakini huo ukurasa mpya usiutume. Kansas City, tarehe 17 Julai 1981, madaraja ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency yalianguka, watu 114 wakafa. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na fito ndefu za chuma, kila moja ikipita moja kwa moja na kubeba daraja la juu na la chini. Wakati wa kutengeneza, fito ile ikagawanywa mbili kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuijenga. Mabadiliko madogo kwenye karatasi. Kumbe nati ya daraja la juu ikawa inabeba madaraja mawili. Hakuna aliyerudi kuhesabu.

Wewe unasema nondo zikizidi haziangushi nyumba. Nondo zako za juu zinaishia wapi? Umeziingiza kiasi gani kwenye slabu ya nyuma, au zinakomea kwenye bimu?

MchoraMistari
Zinakomea kwenye bimu.

FundiWaZamani
Hapo sasa. Hiyo nondo haijashika kitu, itachomoka pamoja na roshani. Lazima irudi nyuma sana ndani ya slabu.

Mdogo wangu, mpigie bosi wako. Usimwambie "umekosea". Mwambie hivi: "Mzee, napitia mkato wa roshani, nondo za juu sizioni, naomba unisaidie ziko wapi." Hakuna mzee mwenye akili atakayekasirika kwa hilo. Na akikasirika, ni afadhali hasira yake leo. Msimamizi naye mpigie, mwambie zege la roshani lisubiri. Zege likisubiri haliozi, saruji bado iko kwenye mifuko.

MamaMsingi
Na mimi naungana na fundi. Nimekusema sana, lakini hilo la kumpigia lifanye sasa hivi, usisubiri kesho.

KaaChini
Mpigie kaka. Hapa sina utani.

MchoraMistari
Wakuu, nimerudi.

Nimempigia. Alinyamaza kidogo halafu akaniambia nifungue mchoro mwingine, ule wa mpangilio wa nondo za juu za slabu. Kweli ziko pale, nondo za milimita 12 kila milimita 150, zinaingia ndani vizuri kabisa. Kwenye kijikaratasi alichonipa alikuwa anaonyesha za chini peke yake, na mkato ukabaki hivyo. Hesabu zake zilikuwa sahihi.

Ila tulipompigia msimamizi, akasema ukurasa wa nondo za juu hawajawahi kuuona. Walipewa mkato na mpangilio wa chini tu. Roshani walishafunga chini, juu wazi, na zege lilikuwa la asubuhi ya kesho.

Limesimamishwa. Bosi ametoa Toleo C, mkato sasa unaonyesha tabaka zote mbili, na sehemu iliyobadilika imezungushiwa mstari wenye umbo la wingu. Amesema ataenda kukagua mwenyewe kabla halijamwagwa. Kuhusu kuweka ule ukurasa mtandaoni nimemweleza pia, na tutalizungumza ofisini.

Mzani
Nimefuta nakala niliyopakua. Wengine mlioipakua nanyi futeni.

SkeliMoja
Safi. Sasa bado kitu kimoja: Toleo B liondolewe saiti, karatasi zote, hata ile iliyobandikwa ukutani stoo na ile picha kwenye simu ya msimamizi. Waulize wanafunga kwa kufuata ipi.

MchoraMistari
Nipo njiani kwenda kuzikusanya.