Mrejesho: Diwani yetu ya mashairi imezinduliwa maktabani Tanga

Wakuu, niliuliza hapa namna kikundi chetu cha waandishi kitakavyochapa diwani na kuizindua maktabani Tanga kwa fedha kidogo. Imezinduliwa Jumamosi, ahsanteni sana.

Ushauri wa kuomba ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) mapema Bodi ya Huduma za Maktaba tuliufuata. Namba ilitoka kabla jalada halijaenda kuchapwa. Na ule wa kurasa zigawanyike kwa 16: tulikuwa na 91, tukafika 96 kwa wasifu wa waandishi na orodha ya maana za maneno magumu.

Kazi ilikuwa kwenye mashairi. Mshororo (mstari wa shairi) wa mizani 16, yaani silabi 16, kwa herufi na pambizo tulizochagua haukukaa mstari mmoja kwenye ukurasa wa A5 (nusu ya A4). Neno la mwisho lilidondoka peke yake na kina (silabi za mwisho zinazofanana) kikapotea machoni. Aliyesema tukate kwenye kina cha kati, ukwapi (nusu ya kwanza) juu, utao (nusu ya pili) chini ukisogezwa ndani kidogo, Mungu ambariki. Beti zimependeza mno.

Tulipokosea ni pambizo (nafasi tupu) la upande wa mgongo wa kitabu: tuliacha milimita 12. Kitabu kilichofungwa kwa gundi hakifunguki chote, hivyo kurasa za kulia mianzo ya mistari imemezwa, na hilo limetuuma. Wekeni 20, tena mdai nakala moja ya majaribio iliyokwisha kufungwa. Sisi tulihakiki karatasi zilizo wazi, kasoro haikuonekana.

Ukumbini, dakika 4 kwa kila msomaji zinatosha. Kipaza sauti msikiache hata kwa watu 40, maana feni zikiwaka waliokaa nyuma hawasikii kitu.