Majina ya wanaochangia kampeni tunayataka KABLA ya kura, siyo baada ya watu kuapishwa

Wakuu, asalaam alaykum. Nipo Pemba. Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, na leo nalitoa.

Mwaka 2020 nilikuwa mshika fedha wa kampeni ya mgombea mmoja wa ubunge huku kwetu. Chama sikitaji wala jimbo silitaji, kwa sababu ninayoyasema hayana rangi ya chama. Kazi yangu ilikuwa daftari: kilichoingia, kilichotoka, nani kaleta. Mafuta ya gari, kodi ya spika, chakula cha vijana wanaobandika picha. Mpaka katikati ya Oktoba daftari lile lilikuwa safi. Mvuvi kaleta elfu kumi, jina lake lipo. Mwalimu wa skuli kaleta elfu hamsini, jina lake lipo.

Uchaguzi ulikuwa Jumatano, 28 Oktoba. Jumatatu ya tarehe 19, baada ya Isha, tumekaa barazani kwa ami yangu, ndiye aliyekuwa mkuu wa kampeni. Ikaja gari, akashuka kijana mmoja nadhifu na bahasha ya kaki. Ndani mna mabunda sita ya noti za elfu kumi, kila bunda milioni moja, limefungwa mpira. Nikafungua daftari nikamuuliza, "Ndugu yangu, niandike jina gani?" Akamtazama ami. Ami akaniambia, "Andika Mpenda Maendeleo, mwanangu. Jina litakuja baadaye."

Nikaandika. Mkono ulioandika ni wangu huu, sikatai. *Mpenda Maendeleo, Sh 6,000,000.* Na katika siku tisa zile Mpenda Maendeleo alikuja mara tatu.

Jina halijaja mpaka leo.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Tuna diko letu, ndipo vyombo vinapopwelewa, na ndipo kina mama wa mwani wanaposhukia na vigingi na kamba zao maji yakishatoka. Uchaguzi ulikuwa haujatimiza mwaka na nusu, wakaja wapimaji. Baada ya wapimaji ikaja seng'enge. Na aliyekuwa amesimama na wapimaji, karatasi mkononi, akiwaonesha mpaka unapita wapi, ni kijana yule yule wa bahasha. Nilimjua kabla hajageuka. Leo mama yangu mdogo, mtu mzima yule, anazunguka kwa nyuma kwenye miamba na gunia la mwani mbichi kichwani, kwa sababu njia aliyopita tangu msichana imefungwa.

Tulikwenda kulalamika, tukaulizwa: mna ushahidi gani kwamba kuna mtu alilipwa fadhila? Nitoe nini? Nitoe daftari lililoandikwa Mpenda Maendeleo?

Nikaenda ofisi moja inayohusika kuomba kuona hesabu za kampeni ile. Leta barua. Nikaleta. Njoo wiki ijayo. Nikaja. Mwenye faili kasafiri. Nimepanda boti kwenda Unguja mara mbili kwa nauli yangu, na sijaoneshwa hata ukurasa mmoja.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Watu wanasema nchi hii haina sheria. Ipo! Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilipitishwa 2010, na Rais Kikwete akaitia saini mwezi wa Machi mwaka ule. Inamtaka mgombea aseme ana fedha kiasi gani na anatarajia kupata wapi nyingine. Inataka hesabu za uchaguzi zifike kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Lakini hesabu zenyewe zinapelekwa uchaguzi ukishakwisha, na vyama vinapewa miezi ya kuziandaa. Mpiga kura afanye nazo nini wakati huo? Kura imeshatumbukia sandukuni, mbunge ameshaapa Dodoma, seng'enge imeshachimbiwa nguzo.

Na msiniambie waliotunga hawakujua kwamba fedha za dakika za mwisho zina hatari yake. Walijua. Sheria ile ilipotungwa iliweka kikomo kwa fedha za kutoka nje: zisipokelewe ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa hiyo ya mgeni iliogopwa, ya tajiri wa hapa hapa anayetaka ufukwe ikaachiwa mlango wazi mpaka asubuhi ya kura. Kwani iliyotupora diko ilitoka Ulaya?

Wenzetu wamefanyaje? Marekani, pamoja na balaa lote la fedha kwenye siasa zao, mgombea wa Bunge lao akipokea mchango wa dola 1,000 au zaidi ndani ya siku 20 za mwisho, anatakiwa autolee taarifa ndani ya saa 48, na jina linawekwa hadharani mtu yeyote asome. Uingereza, ukiitishwa uchaguzi mkuu, vyama vinapeleka taarifa kila wiki ya michango mikubwa, inayozidi pauni 11,180. Kila wiki, kampeni ikiendelea! Siyo kwamba wao ni malaika. Ni kwamba mchango unaoletwa siku tisa kabla ya kura hauwezi kufichwa mpaka kura ipite.

Atakuja mtu hapa aseme sisi hatuna uwezo huo. Uwezo gani? Kampeni ile ile niliyoishikia daftari, nilituma fedha kwa simu kwa mawakala wa shehia zote za jimbo, na kabla sijaweka simu mfukoni wameshajibu "imefika". Fedha inavuka bahari kwa dakika moja. Jina la aliyeitoa linashindwa nini kuvuka kwa siku mbili?

Ninachotaka ni hiki. Siku 30 za mwisho, kila mchango mkubwa uandikwe kwa jina la mtu au kampuni yenyewe, upelekwe kwa Msajili ndani ya saa 48, na orodha ibandikwe pale pale panapobandikwa daftari la wapiga kura, kwenye shehia, mama yangu mdogo asomewe na mjukuu wake. Mchango usio na jina urudishwe au uchukuliwe na serikali. Na anayeandika Mpenda Maendeleo ashitakiwe, nikiwemo mimi ikibidi.

Ami hasemi nami tangu nianze kuuliza. Sawa, nitamsalimia kila Ijumaa na asiitikie.

Humu najua mmo mlioshika madaftari kama langu, Unguja, Pemba na bara. Msitaje vyama kama mnaogopa. Niambieni tu, siku zile kumi za mwisho, pale penye jina mliandika nini?