Muwasho wa mapajani na sehemu za siri: dawa ya dukani imegoma, nifanyeje?

Bodaboda_Mtulivu: Wakuu habari zenu. Nina miaka 29, nina mke, naendesha bodaboda hapa Dar. Tangu masika nawashwa kwenye kinena, pale paja linapokutana na korodani. Nikishinda na jinzi iliyolowa ndiyo usiseme, jioni natembea kama nimetoka jandoni. Duka la dawa walinipa tyubu bila kuniuliza swali hata moja. Nikipaka, siku mbili tatu kimya. Nikiacha, linarudi na ndugu zake. Mwanzo lilikuwa duara lenye ukingo mwekundu, sasa limesambaa hadi karibu na makalio, halina umbo. Huu ni ugonjwa wa zinaa? Wife ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Mzee wa Fitna: Pole mkuu. Paka spiriti, utalia dakika tano halafu umepona. 😂

Tabibu_Kijijini: Spiriti, ndimu, sabuni ya unga, vyote acheni. Ngozi ya huko ni laini, ukiiunguza unaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Mleta uzi, nijibu haya. Kuna kidonda, malengelenge au usaha? Korodani na uume vimeguswa au ni mapaja tu? Mkeo au watoto wanawashwa, hasa usiku? Vidole vya miguu vikoje? Na nyuma ya tyubu pameandikwa nini?

Bodaboda_Mtulivu: Kidonda hakuna, usaha hakuna. Uume na korodani viko salama. Nyumbani hakuna mwingine anayejikuna. Vidoleni, kile kidogo na jirani yake, ngozi inabanduka nyeupe na inanuka, ila hiyo ni ya siku nyingi, raba zangu hazikauki. Tyubu imeandikwa clotrimazole, betamethasone na gentamicin.

Tabibu_Kijijini: Sasa tunaelewana. Kwa maelezo yako inafanana sana na fangasi wa kinena, na chanzo yaweza kuwa hizo raba. Unavaa boksa, inapita miguuni, inawabeba fangasi hadi juu. Vaa soksi kwanza, boksa baadaye, na miguu itibiwe pamoja na kinena. Si lazima uwe umeyatoa nje ya ndoa, mwambie shemeji apumue.

Tatizo ni hiyo betamethasone. Ni steroidi: inazima wekundu na muwasho, wewe unaona umepona, kumbe fangasi anaendelea kula ngozi taratibu. Ndiyo maana duara limepoteza ukingo. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika. Clotrimazole, yaani dawa ya fangasi yenyewe, ikiwa peke yake, mara mbili kwa siku, hupakwa wiki mbili hadi nne bila kukatisha muwasho unapotulia. Ila kwako limeshasambaa, huenda ukahitaji vidonge, na hivyo si vya kujinunulia. Nenda ukaonwe. Si lazima bingwa. Kuna matabibu waliosomea ngozi hospitali ya KCMC, Moshi, wako mikoani huko.

Mama Wawili: Na sisi wanawake? Mimi nawashwa kila nikimaliza siku zangu.

Tabibu_Kijijini: Dada, angalia kwanza pedi zenye manukato na sabuni. Nje maji yanatosha, ndani usioshe kabisa. Ukiona uchafu mweupe mzito kama mtindi, au wenye harufu, au una mimba, nenda kliniki.

Kaka Msomi: Tabibu, tutajuaje kwamba hili si la kusubiri?

Tabibu_Kijijini: Kidonda chochote sehemu za siri, hata kisichouma. Kaswende huanza hivyohivyo, kidonda kinapona chenyewe na ugonjwa unabaki. Malengelenge yanayochoma, usaha, mitoki kuvimba: nenda wiki hii. Korodani kuuma ghafla, au ngozi kuvimba, kuwa nyeusi na homa juu: usiku huohuo. Kama nyumba nzima mnajikuna usiku, hiyo yaweza kuwa upele wa kuambukizana (scabies), mnatibiwa wote siku moja.

Na fangasi wa kurudi kila mara, pima sukari na VVU. Mleta uzi, unaamka kukojoa usiku? Kiu je?

Bodaboda_Mtulivu: Kiu ipo, nilidhani ni jua. Kukojoa pia, wife analalamika namwamsha.

Tabibu_Kijijini: Basi kesho asubuhi kapime sukari kabla hujanywa chai. Na hiyo tyubu iweke mfukoni, daktari aisome mwenyewe.