DAKIKA NNE! Yule bwana wa treni leo kaniweza

Mtoro_wa_Tandale:
Wakuu mliopo Uingereza, huyu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mkagua tiketi wa treni za asubuhi za kwenda London, mwenye tabasamu la mtu anayekusubiri uteleze. Leo ilikuwa zamu yangu.

Nina tiketi ya ofu-piki, ile ya bei nafuu ya nje ya saa za msongamano. Geti limefunguka lenyewe. Nimepanda, nimekaa, nimefungua chapati. Treni imeondoka saa 3 na dakika 26. Akaja. Akaisoma tiketi. Halafu, wakuu, akavuta mkono wa koti taratiiibu, akaangalia SAA. Simu anayo, mashine anayo, kioo cha juu kinaonyesha saa kubwa kama sinia, yeye akavuta mkono wa koti! "Hii inaanza saa 3 na nusu, bwana."

Dakika nne. Chapati yangu ilikuwa bado shavuni.

Eti msongamano. Behewani tulikuwa mimi, bibi mmoja na mbwa wake, na mbwa alikuwa na siti mbili. Tiketi yenyewe haitaji saa, imeandikwa tu uone masharti. Masharti yanakaa mtandaoni, kila njia na saa zake, ukiyapata unahitaji wakili na mganga. Nimelipa tofauti ya nauli, pauni 28. Sijali pauni. (Najali.) Ila ule mkono wa koti, wakuu. Taratiiibu.

Kinyozi_Mstaafu:
Kosa lako ni kujua saa. Ungesoma 9:30 ukaenda saa 9 na nusu alasiri, ungepita kama bwana harusi.

MamaPilau_Leicester:
Chapati ya maji au ya kusukuma?

Mtoro_wa_Tandale:
Ya kusukuma. Turudi kwenye hoja: alivuta MKONO WA KOTI.

Fundi_Rejeta:
Shukuru kulipa tofauti tu, ndiyo kanuni yao. 2024 kuna kijana alitishiwa mahakama kwa pauni 1.90! Alitumia kadi ya punguzo ya vijana kabla ya saa 4 asubuhi, kumbe saa hizo nauli ya kadi haishuki chini ya pauni 12. Kelele zikazidi, wakaachana na kesi.

Mtoro_wa_Tandale:
Huyo walimwangalizia saa?

Makanga_Wa_Zamani254:
Ofu-piki hata Nairobi tuko nayo. Wingu likionekana tu, nauli ya Githurai inatoka hamsini inafika mia. Masharti hayako mtandaoni, yako kwa makanga, ananing'inia mlangoni na anapiga mbinja.

Chachandu:
Afadhali nyie. Konda wa Gongo la Mboto ana elfu kumi yangu tangu Jumatatu. "Chenji mbele, sista." Nimefika mwisho wa gari, mbele sijapaona.

Kinyozi_Mstaafu:
Mwenye jino la dhahabu?

Chachandu:
HUYO HUYO!

Kinyozi_Mstaafu:
Lile jino tumelichangia wengi. Mimi nina elfu mbili mle.

Mtoro_wa_Tandale:
Jamani, uzi wangu. Taratiiibu, kama anavua soksi...

MamaPilau_Leicester:
Samahani mwanangu, hiyo ya kusukuma, mafuta unakandia kwenye unga au unapaka wakati wa kukunja?

Chachandu:
Yote mawili, mama. Na maji yawe ya moto.