Rotunda ya Chuo Kikuu cha Virginia: kuba la sasa ni la Jefferson?

Mchoro_77: Wakuu, Rotunda, jengo la mviringo lenye kuba, ilijengwa 1822 hadi 1826 kwa michoro ya Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani na mwanzilishi wa chuo hicho, ikaungua 1895. Kipi hasa cha awali kimebaki? Na kuba liliteketeaje wakati kuta ni za matofali?

Kiunzi: Kilichobaki ni kuta za mviringo, kuba lote ni la baadaye. Jefferson aliichukua Pantheon ya Roma, hekalu la kale lenye kuba, akaipunguza kwa nusu hivi: kipenyo futi 77, kama mita 23.5. Warumi walimwaga zege, yeye akafuata mbinu ya Delorme, Mfaransa wa karne ya 16. Mbao fupi hukatwa kwa mkunjo, zikapangwa tabaka kwa tabaka, maungio yakipishana, kisha zikapigiliwa hadi zikawa ubavu mmoja mrefu. Huhitaji magogo makubwa, ila moto ukiingia umekuta mbao kavu tupu.

Zege_Kavu: Na moto wenyewe, tarehe 27 Oktoba, ulitokea Annex, jengo lililobandikwa upande wa kaskazini 1851–1853. Profesa William Echols alilipua baruti ili kukata kiungo cha majengo hayo mawili. Moto ukavuka vilevile.

Kiunzi: Ndiyo maana Stanford White, aliyepewa kazi ya kujenga upya, alikwepa mbao. Kuba lake ni la vigae vya Guastavino, yaani vigae vyembamba vya udongo uliochomwa, vinavyopangwa tabaka kwa tabaka: tabaka la kwanza hushikwa kwa jasi, inayokauka upesi, hivyo fundi hahitaji kiunzi kizito chini, tabaka zinazofuata hushikwa kwa saruji, kila kigae kikifunika ungio la chini yake. Huo ndio ubora wake. Kosa la White, kwa maoni yangu, ni kuondoa sakafu ya kati akaacha ukumbi mmoja mrefu. Ukarabati wa 1973–1976 ulirudisha sakafu tatu na vyumba vya duaradufu. Kwa hiyo ndani unaona mpango wa Jefferson ulioundwa upya. Baraza la kaskazini, palipokuwa na Annex, ni la White.

Nguzo_Sita: Msisahau taji za nguzo. Za White zililiwa na mvua, vipande vikaanza kumeguka hadi zikafungwa nyavu. Katika ukarabati uliokamilika 2016 zikachongwa mpya kwa marumaru ya Carrara, jiwe lilelile alilotumia Jefferson. Katika kazi hiyohiyo likaonekana jiko la kemia (tanuri la majaribio) ndani ya ukuta, la enzi za mwanzo. Lilikuwa limezibwa kwa matofali tangu miaka ya 1840, ndiyo maana moto haukulifikia.